Baki Ni la Nani? Historia ya Kutenganisha Namba Nzima na Desimali, kutoka Mudende hadi Ndani ya Kompyuta

Mudende ni sehemu ya wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, chini ya volkano ya Karisimbi na karibu na mpaka wa Kongo. Udongo wake mweusi hustawisha viazi, na viazi huuzwa kwa kilo. Mzigo unapowekwa kwenye mizani, ni nadra kupata kilo kamili. Daima kuna gramu za ziada. Faranga ya Rwanda kwa sheria ina santimu 100, lakini hakuna mtu sokoni anayelipa kwa santimu. Basi kila hesabu ya uzito mara bei hufikia mahali pale pale: kuna kipande kisichofika faranga moja, na kipande hicho lazima kimwendee mmoja kati ya wawili, muuzaji au mnunuzi.

Mwandishi wa programu hukutana na kipande hicho hicho anapoiagiza kompyuta itenganishe 4.35 kuwa 4 na 0.35. Kwa macho ni kazi ya mtoto wa darasa la tano. Kwa kweli ni kazi iliyopita mikononi mwa wanajimu, wanazuoni wa mirathi, wachora mipaka, wahasibu wa wakoloni na wahandisi wa karne ya 20, na kila kundi liliacha alama yake. Historia hiyo inafundisha jambo moja: kuitenganisha namba ni kuamua baki liende wapi. Walioamua kwa uwazi walipata hesabu zinazoaminika. Walioacha uamuzi ufanyike kimyakimya walilipa, na mara nyingine waliolipa ni watu wengine kabisa.

Urithi wa sitini na urithi wa kumi (hadi 1795)

Watu wa Babeli walihesabu kwa sitini. Kila kizima waligawa vipande 60, na kila kipande wakakigawa 60 tena. Mfumo huo bado unaishi katika saa zetu na katika nyuzi za ramani. Nguvu yake ni kwamba 60 hugawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 5 na 6. Theluthi ya saa ni dakika 20 kamili, hakuna kinachosalia.

Mfumo wa kumi ulichelewa kupata vipande vyake. Mwaka 952 hivi, huko Dameski, al-Uqlidisi aliandika kitabu cha hesabu za Kihindi ambamo vipande vya kumi vilishughulikiwa kwa tarakimu zile zile za namba nzima, na alama ndogo ikaonyesha namba nzima inapoishia. Al-Kashi wa Samarkand alieneza mbinu hiyo kwa ukamilifu mwaka 1427. Ulaya iliipokea kwa nguvu baada ya Simon Stevin kuchapisha kijitabu chake mwaka 1585. Faida ilikuwa kubwa: mfanyabiashara hakuhitaji tena kanuni moja ya namba nzima na nyingine ya sehemu. Hasara ilionekana polepole. Katika mfumo wa kumi theluthi haiishi: 0.333 na kuendelea. Popote unapokata, kuna kinachobaki nje.

Katika pwani ya Waswahili, watu waliokabiliana na baki kwa umakini zaidi hawakuwa wanajimu wala wachuuzi, bali wanazuoni wa mirathi. Sheria ya Kiislamu inataja mafungu sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mara nyingine mafungu ya warithi waliopo huzidi kizima. Mume ana nusu, dada wawili wana theluthi mbili. Jumla ni sudusi saba, na mali ni sudusi sita tu. Kwa hali hiyo kuna kanuni ya awli, ambapo kila fungu hupungua kwa uwiano: mali hugawanywa mafungu saba, mume akapata matatu na dada manne. Mafungu yakipungua na hakuna jamaa wa kuchukua ziada, kuna kanuni ya raddi, ambapo ziada hurudishwa kwa warithi. Hakuna senti inayoachwa bila mwenyewe. Karne nyingi kabla ya kompyuta, elimu ya mirathi ilikuwa imeshaweka sharti ambalo wahandisi wangelifikia kwa taabu: anayegawa lazima aseme mapema baki ni la nani.

Mwaka 1795 Ufaransa, ikiwa katikati ya mapinduzi yake, iliifanya faranga kuwa fedha ya mfumo wa kumi, vipande 100 kwa kizima kimoja. Ubelgiji iliichukua faranga hiyo kama yake mwaka 1832. Kwa njia hiyo ndefu, kupitia Kongo, ingefika hadi miguuni mwa Karisimbi.

Nyuzi, dakika na mpaka (1885–1910)

Kabla faranga haijafika, namba zenye baki zilikuwa zimeshaligusa eneo hili kwa namna nyingine. Tarehe 1 Agosti 1885, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya Dola yake Huru ya Kongo. Kwa upande wa mashariki, mpaka ulielezwa kama mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi nukta moja kwenye nyuzi 30 mashariki, nyuzi 1 na dakika 20 kusini. Mstari huo uliandikwa kabla Mzungu yeyote hajaliona Ziwa Kivu. Kwa mujibu wake, Gisenyi, mji jirani, na Mudende ya leo zingeangukia Kongo, pamoja na sehemu kubwa ya magharibi ya Rwanda.

Angalia namba yenyewe. Nyuzi 1 na dakika 20 ni nyuzi moja na theluthi. Katika urithi wa sitini imeandikwa kwa ukamilifu. Ukiihamishia kwenye desimali inakuwa 1.333 na kuendelea, na kila anayeiandika analazimika kuikata mahali fulani. Kosa la kukata linaweza kuwa dogo mno lisiharibu kitu, lakini sasa lipo, na awali halikuwapo.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Rwanda, akaonana na mwami (mfalme) Kigeli IV Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu na kupanda volkano ya Nyiragongo. Kuanzia hapo ikawa dhahiri kwamba mstari wa 1885 ulipita juu ya ardhi ambayo waliouchora hawakuijua. Ujerumani ikaanza kudai mpaka wa ziwa na volkano. Mgogoro wa Kivu ulifikia kilele mwaka 1909, na mkutano wa Brussels wa 1910 kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza ukaumaliza. Mpaka mpya uliacha mstari wa namba na kufuata Ziwa Kivu, kisha vilele vya volkano. Kisiwa cha Idjwi kikabaki upande wa Kongo, Gisenyi na Mudende upande wa Rwanda. Wenyeji hawakuulizwa. Familia zilizokuwa na mashamba na jamaa pande zote mbili zilijikuta zimegawanywa, na matokeo ya mgawanyo huo yangerudi kuitesa Mudende karibu karne moja baadaye.

Pesa 64, heller 100, faranga bila santimu (1890–1964)

Utawala ulikuja na sarafu zake. Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo Rwanda ilikuwa sehemu yake, ilitumia rupia iliyogawanywa pesa 64, kwa kufuata desturi ya India. Sitini na nne hugawanyika nusu kwa nusu mara sita bila baki, hadi kubaki pesa moja. Kwa soko linalouza kwa nusu, robo na thumuni, mgawanyo huo ulifaa. Mwaka 1904 Wajerumani waliubadili: rupia ikawa heller 100. Mhasibu akafurahi, kwa sababu sasa angeweza kuandika rupia na heller kama namba moja yenye nukta katikati. Kwa soko, thumuni ya rupia iliyokuwa pesa 8 kamili sasa ilikuwa heller 12 na nusu.

Hapa kuna kanuni inayostahili kukumbukwa, kwa kuwa itajirudia ndani ya kompyuta. Sehemu inayoandikika kikamilifu katika msingi mmoja huweza kukataa kuandikika katika msingi mwingine. Theluthi inakubali sitini na kukataa kumi. Sehemu ya kumi inakubali kumi, lakini inakataa mbili na nguvu zake zote, 64 ikiwemo.

Majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Rwanda mwaka 1916, na faranga ya Kongo ya Wabelgiji ikachukua nafasi ya rupia. Kuanzia 1960 Rwanda na Burundi zikawa na faranga yao ya pamoja, na mwaka 1964, baada ya uhuru, Rwanda ikapata Benki ya Taifa na faranga yake yenyewe. Kadiri thamani ilivyoshuka, santimu ikapoteza kazi, ikabaki katika sheria tu. Faranga ikawa namba nzima. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Goma, hali ni hiyo hiyo kwa faranga ya Kongo, na dola ya Marekani huzunguka pamoja nayo. Mchuuzi anayevuka mpaka wa Gisenyi kwa miguu hubadilisha fedha kwa viwango vyenye desimali, kisha hupokea noti na sarafu zisizo na desimali. Kila ubadilishaji ni tendo la kukata.

Nukta inaanza kuelea (1914–1957)

Wakati huo huo, huko Ulaya, watu walikuwa wanatafuta namna ya kuifanya mashine ihesabu namba kubwa mno na ndogo mno kwa tarakimu chache. Mhispania Leonardo Torres Quevedo alipendekeza mwaka 1914 kwamba mashine ihifadhi vitu viwili: tarakimu zenyewe, na namba nyingine inayoonyesha nukta ikae wapi. Nukta haikai tena mahali pamoja, inaelea. Mjerumani Konrad Zuse aliijenga fikra hiyo katika msingi wa mbili. Mashine yake Z3, iliyoonyeshwa Berlin Mei 1941, ilihifadhi kila namba kwa biti 22: moja ya alama, saba za kipeo, yaani namba inayoonyesha nukta ikae wapi, na 14 za tarakimu.

Si wote walioukubali mpango huo. Mwaka 1946 Arthur Burks, Herman Goldstine na John von Neumann waliandika kwamba ni bora mpangaji wa hesabu mwenyewe ajue nukta yake ilipo. Hoja yao ilikuwa na uzito: nukta ikikaa pamoja, mtu huona baki linapoanzia. Ikielea, mashine ndiyo inayojua, na mtu husahau. Lakini wanasayansi walichoka kufuatilia nukta kwa mkono. Mwaka 1954 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya 704, iliyofanya hesabu za nukta inayoelea kwa vyuma vyake yenyewe, na mwaka 1957 timu ya John Backus ikaitolea lugha ya Fortran.

Tangu siku hiyo swali la baki likawa swali la kila mwandishi wa programu. Kompyuta sasa ilikuwa na namba za aina mbili, nzima na zenye nukta, na ilibidi kuwe na njia ya kutoka aina moja kwenda nyingine.

Lugha zinakata kila moja kwa njia yake (1957–1979)

Fortran ilichagua kukata. Ukiweka 7.9 katika nafasi ya namba nzima, unapata 7, ukiweka −7.9, unapata −7. Desimali hutupwa, na namba husogea kuelekea sifuri.

Miaka mitatu baadaye kamati ya kimataifa iliyokutana Paris ilitoa lugha ya Algol 60, ikachagua vinginevyo. Kuweka 7.9 katika nafasi ya namba nzima kulitoa 8, kwa kukadiria hadi namba iliyo karibu. Aliyetaka kukata alipewa kazi maalumu iitwayo entier, inayorudisha namba nzima kubwa kuliko zote zisizozidi ile uliyoitoa. Wazo hilo lilikuwa la zamani: Carl Friedrich Gauss alikuwa ameliwekea alama ya mabano ya mraba mwaka 1808. Kwa namba chanya, entier na Fortran hukubaliana. Kwa namba hasi huachana: entier ya −7.9 ni −8.

Mwaka 1962 Mkanada Kenneth Iverson alizipa pande mbili za uamuzi huu majina na alama zake, sakafu na dari. Sakafu hushuka hadi namba nzima iliyo chini, dari hupanda hadi iliyo juu. Donald Knuth alizieneza kupitia vitabu vyake kuanzia 1968. Sasa mtu aliweza kusema kwa alama moja anakokwenda, na hilo peke yake lilikuwa hatua kubwa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia mlango wa hazina. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza ya nchi, ICT 1500. Mashine hiyo ilihesabu kwa tarakimu za kumi, si kwa mbili, na kwa shilingi na senti jambo hilo lilifaa: senti 10 ilikuwa senti 10, si makadirio yake. Hata hivyo kazi za hesabu za serikali zilizokabidhiwa kwa kompyuta katika miaka iliyofuata zilienda mrama, fedha zikapotea, na mwaka 1974 Tanzania ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni. Funzo lilikuwa zito kuliko tarakimu: mashine ambayo mwenye fedha hawezi kuikagua haimfai, hata iwe na kasi gani.

Mwaka 1979 toleo la saba la mfumo wa Unix lilikuja na kazi ya modf ambayo bado inatumika leo. Unaipa namba yenye nukta, inakurudishia sehemu mbili: nzima na ya desimali. Mwongozo wa toleo hilo ulieleza kwamba sehemu ya desimali hurudishwa ikiwa chanya. Baadaye kiwango cha lugha ya C cha 1989 kikaamua kwamba sehemu zote mbili zibebe alama ya namba asilia. Kwa hiyo −2.75 hutenganishwa kuwa −2 na −0.75. Kazi ikabaki na jina lile lile, ilhali uamuzi kuhusu baki ulikuwa umewekwa upya.

Kiwango kimoja, na gharama ya ukimya (1977–1997)

Hadi mwisho wa miaka ya 1970, kila kampuni ilikuwa na nukta yake inayoelea. Programu iliyotoa jibu sahihi kwenye mashine moja ilitoa jingine kwenye mashine ya pili. Kuanzia 1977 kamati ilikaa kutafuta kiwango cha pamoja. Mkanada William Kahan wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley ndiye aliyebeba hoja nzito zaidi, na kampuni ya Intel ilishaziweka nyingi za fikra zake katika chipu ya 8087 mwaka 1980. Kiwango hicho, IEEE 754, kilipitishwa mwaka 1985. Kahan alipewa tuzo ya Turing mwaka 1989.

Kiwango kilipanga namba ya biti 64 hivi: biti 1 ya alama, 11 za kipeo, 52 za tarakimu. Kwa mpango huo kutenganisha namba kunakuwa kazi ya kuangalia kipeo. Chukua 6.75. Kwa msingi wa mbili ni 110.11, nayo huhifadhiwa kama 1.1011 yenye kipeo 2. Kipeo kinasema biti mbili za kwanza baada ya nukta bado ni mali ya namba nzima. Ziache hizo, zilizobaki zifanye sifuri, unapata 6. Toa 6 kutoka 6.75, unapata 0.75 bila kosa lolote. Kipeo kikiwa chini ya sifuri, namba yote ni desimali. Kikifika 52, namba haina desimali kabisa: kuanzia 4,503,599,627,370,496 kwenda juu, mashine haina mahali pa kuandika hata nusu.

Zaidi ya hayo, kiwango kililazimisha mashine itoe njia nne za kukadiria: hadi namba ya karibu, kuelekea sifuri, kuelekea juu na kuelekea chini. Uamuzi uliokuwa umefichwa ndani ya vyuma sasa ulipewa jina na kuwekwa mkononi mwa mwandishi wa programu. Hiyo ndiyo hatua kubwa ya historia nzima.

Umuhimu wake ulikuwa umeshaonekana Vancouver, Kanada. Soko la hisa la huko lilianzisha faharisi yake Januari 1982 kwa alama 1,000. Kila biashara ilipofanyika faharisi ilikokotolewa upya, kisha ikakatwa baada ya tarakimu tatu za desimali badala ya kukadiriwa. Baki lilikuwa dogo mno, lakini lilitupwa maelfu ya mara kwa siku, daima upande mmoja. Kufikia Novemba 1983 faharisi ilisomeka 524.811, ilhali hisa zilikuwa zimepanda. Iliporekebishwa ikawa 1098.892.

Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, gharama ilikuwa maisha. Mfumo wa kuzuia makombora uitwao Patriot ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika msingi wa mbili. Ilikatwa ili itoshe katika biti 24. Baada ya mfumo kufanya kazi saa 100 mfululizo, kosa lilifikia theluthi moja ya sekunde, muda unaotosha kombora kusafiri zaidi ya nusu kilomita. Mfumo ulilitafuta mahali ambapo halikuwapo. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa.

Katika miaka hiyo hiyo Mudende ilikuwa mahali pa elimu. Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kilifungua milango yake hapo mwaka 1984, kikipokea vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifika ndani ya uwanja wa chuo. Watu waliokimbilia hapo wakitumaini usalama waliuawa. Chuo hakikuweza kuendelea Mudende. Kilianza upya Kigali. Mudende ikapokea wakimbizi Watutsi wa Kongo, watu waliofukuzwa kwa hoja zilizotokana na ile mipaka ya wakoloni, na mwaka 1997 kambi yao ikashambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba. Walionusurika walihamishiwa kambi ya Gihembe. Anayesimulia lolote kuhusu Mudende ana wajibu wa kuyasema haya waziwazi.

Chuo kilichoanzia pale leo kina kitivo cha teknolojia ya habari huko Kigali, ambako vijana hujifunza kuandika programu. Urithi wa Mudende katika somo letu ni huo: wanafunzi wanaokaa mbele ya kompyuta na kuamua, pengine bila kujua, baki liende wapi.

Hesabu inahamia kwenye simu (2007 hadi sasa)

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na kampuni ya MTN ikaleta huduma ya fedha kwa simu Rwanda mwaka 2010. Hesabu iliyokuwa ikifanywa na mchuuzi kichwani, mbele ya macho ya mteja, ikahamia ndani ya programu. Sokoni mtu huona faranga inavyokatwa, na anaweza kubishana. Ndani ya programu haoni.

Tuseme kijana wa Rubavu anaandika programu ya kununulia viazi. Mizani inasoma kilo 4.35, bei ni faranga 100 kwa kilo. Jibu sahihi ni 435. Lakini 4.35 haiandikiki kikamilifu kwa msingi wa mbili, na kompyuta inapozidisha hupata 434.99999999999994. Akikata desimali, mkulima atalipwa 434. Hakuna aliyekusudia kumwibia, na faranga moja haionekani kuwa kitu. Ila kukata huelekea upande mmoja daima, kama Vancouver, na kwa mizigo mingi upande unaopoteza ni wa mkulima.

Mahali penyewe pana hatari yake ya pili. Gisenyi iko kusini mwa Ikweta, na simu huiandika latitudo yake kwa alama ya kutoa: takribani −1.70. Anayekata kuelekea sifuri anapata nyuzi 1 na 0.70, yaani dakika 42 kusini, na hiyo ni kweli. Anayetumia sakafu anapata −2 na baki 0.30, yaani dakika 18. Akiandika nyuzi 2 na dakika 18 kusini, ameihamisha Gisenyi kama kilomita 67, kuelekea wilaya ya Nyamasheke. Mwandishi wa London hawezi kuliona kosa hili kwa latitudo ya mji wake, kwa kuwa ni namba chanya. Masaka, Uganda, kuna mtego mwingine: latitudo yake ni karibu −0.33, na sehemu nzima ya namba hiyo ni sifuri. Kiwango cha IEEE huhifadhi sifuri hasi ili alama isipotee. Ukiigeuza kuwa namba nzima ya kawaida alama inapotea, na Masaka inahamia kaskazini mwa Ikweta.

Lugha za leo bado hazijakubaliana. Python hugawanya −7 kwa 2 kwa kushuka, ikapata −4. C, tangu 1999, hukata kuelekea sifuri, ikapata −3. JavaScript, iliyoanza 1995 na aina moja tu ya namba, haikuwa na kazi ya kukata kuelekea sifuri hadi 2015. Kabla ya hapo wengi walitumia mbinu ya biti ambayo huharibika namba ikizidi 2,147,483,647. Mwaka 2008 kiwango cha 754 kiliongezewa namba za msingi wa kumi, kwa sababu biashara ilikuwa imeshachoka na sehemu za kumi zisizoandikika.

Wajibu wa anayegawa

Kutokana na historia hii kuna mambo ambayo anayefundisha kuandika programu Afrika Mashariki anaweza kuyaweka mbele ya wanafunzi wake tangu wiki ya kwanza. Fedha na uzito vihifadhiwe kwa kipimo kidogo kabisa, kama namba nzima. Kilo 4.35 ni gramu 4,350. Zidisha kwa 100, gawanya kwa 1,000, na mkulima anapata 435 yake bila ubishi. Pale ambapo namba yenye nukta haiepukiki, mwandishi ataje kwa jina njia ya kukata aliyoichagua, na ajaribu programu yake kwa namba hasi, kwa kuwa nchi zetu nyingi ziko kusini mwa Ikweta. Na baki linapobaki, liandikwe limekwenda kwa nani.

Sharti hilo la mwisho ndilo walilolishika wanazuoni wa mirathi wa pwani walipokutana na mafungu yasiyotosha. Hawakuwa na mashine, lakini walijua kwamba mgawanyo usiotaja mwenye baki haujakamilika. Programu inayolipa wakulima, inayopima ardhi au inayobadilisha fedha mpakani inastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho, na mwenye haki ya kuipima ni yule ambaye faranga yake inakatwa.